Karani na Mshipi Wake

Watu wengi wa bara hudhani kwamba kuvua kwa mshipi ni mambo ya bahati tu. Humwona mtu ameketi ndani ya mtumbwi, uzi ameutumbukiza majini, nao husema, "Huyu anangoja riziki." Ni kweli kwamba riziki ni ya Mungu; lakini mkulima naye hungoja mvua, wala hakuna asemaye kwamba ukulima hauna maarifa. Mvuvi wa mshipi ana shamba lake kama mkulima. Tofauti ni kwamba shamba hilo limefunikwa na maji, tena mazao yake hayakai mahali pamoja. Alijuaye hupata kitoweo hata siku mbaya, na asiyelijua hurudi mikono mitupu hata siku njema. Ndiyo maana wazee walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

Jambo hili lilimchukua karani mmoja miaka zaidi ya 20 kulijua. Na alipodhani amekwisha kulijua lote, ndipo alipoona kwamba nusu yake ilikuwa imempita.

Karani huyo alizaliwa Kinango, katika nchi kavu ya Waduruma, ambako mali ya mtu ni ng'ombe na mahindi, na maji mengi kuliko yote ni yale ya bwawa baada ya masika. Mwaka 1985 alihamishiwa Msambweni kuandika vitabu katika ofisi moja ya serikali. Hakuwa amepata kuishi kando ya bahari. Nyumba aliyopanga ilikuwa karibu na pwani, na kila jioni aliwaona watu wakipandisha ngalawa zao mchangani na kushusha mitungo ya samaki. Mshahara wake ulikuwa mdogo, watoto wake walikuwa watatu, na kitoweo kilikuwa ghali. Akaazimia kuvua mwenyewe.

Alikwenda dukani akanunua mshipi mnene kuliko yote, ndoana kubwa kuliko zote, na chubwi zito. Kwa kuwa alifikiri kwamba chombo kikubwa huleta samaki mkubwa. Chambo alinunua kamba waliobaki sokoni tangu jana yake, kwa sababu walikuwa rahisi. Kisha Jumamosi moja, saa sita mchana, jua likiwa utosini na maji yamekupwa mpaka miamba imejitokeza, akasimama mchangani akatupa mshipi wake. Alikaa hapo hata saa kumi. Watoto walikusanyika kumtazama. Alivuta mwani mara nyingi, na jiwe mara moja, na ndoana akaipoteza.

Alikuwako mzee mmoja wa Kidigo aliyekuwa akishona tanga lake chini ya mkungu, naye aliyatazama hayo yote bila kusema neno. Karani alipokuwa akifungasha vitu vyake, alimwamkia.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Karani. Leo umevua mchanga."

Watoto wakacheka. Karani naye akacheka, ingawa moyoni aliona haya. Lakini hakukasirika, akaketi karibu na mzee, akamsaidia kushika ncha ya tanga mpaka kazi ilipokwisha. Kwa muda wa mwezi mzima aliendelea hivyo, kila jioni akisaidia kupandisha ngalawa, kuchota maji na kubeba kafi, wala hakuuliza lolote. Siku moja mzee akamwambia, "Kesho baada ya kazi uje. Usilete chochote ila akili."

Somo la kwanza halikuwa la ndoana wala la chambo. Lilikuwa la mwezi. Mzee alimwonyesha kwamba maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa mchana na usiku, na kwamba kila siku saa hizo huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, huja bamvua. Hapo maji hupanda sana na kushuka sana, na katika pwani hii tofauti ya kupwa na kujaa hukaribia mita 4. Mwezi unapokuwa nusu, maji huwa mafu, hayaendi mbali wala hayana nguvu. Siku za bamvua maji hujaa alasiri, karibu saa kumi au kumi na moja. Siku tatu baadaye hujaa magharibi. "Wewe ni mtu wa ofisi," mzee alisema. "Huwezi kuvua mchana. Basi siku zako ni hizo, za tatu na za nne baada ya bamvua. Utoke kazini maji yanapanda, na jua linatua. Saa hiyo changu huingia juu ya mwamba kutafuta chakula. Siku nyingine kaa nyumbani ulime."

Karani alistaajabu. Kwa mwaka mzima alikuwa amewaona wavuvi wakienda na kurudi kwa saa mbalimbali, akidhani kwamba kila mtu huenda apendavyo. Kumbe wote walikuwa wakifuata kalenda moja iliyo juu ya vichwa vyao.

Basi akafanya jambo ambalo mzee hakulijua. Kwa kuwa alikuwa karani, alichukua daftari, akaligawanya kwa mistari kama kitabu cha hesabu. Safu ya kwanza aliandika tarehe; ya pili siku ya mwezi; ya tatu upepo, kama ni kusi au kaskazi au maleleji; ya nne mahali; ya tano chambo; na ya sita samaki aliowapata. Akachukua na rula yake ya mbao, yenye urefu wa futi moja, akawa anampima kila samaki kabla ya kumtia kapuni. Wavuvi wengine walimcheka, wakasema kwamba Karani anawaandikisha samaki kodi. Yeye hakujali. Samaki aliyempita urefu wa rula aliandikwa "zaidi ya rula," nayo maneno hayo yalimpendeza kuyaandika kuliko mengine yote.

Daftari lilimfundisha haraka. Baada ya mwaka mmoja aliona kwamba kamba wa jana hawakumletea kitu hata mara moja, bali ngisi wa asubuhi ile alimletea changu karibu kila alipokwenda. Alipomweleza mzee, mzee alijibu, "Samaki si paka wa jalalani, Karani. Ana chaguo." Aliona pia kwamba ndani ya mwamba, mahali ambapo maji ni maangavu, mshipi mnene huonwa na samaki akaukimbia, akanunua mwembamba. Chubwi zito lilikuwa likikwama katika mawe. Akapunguza uzito, likawa linagusa chini na kuinuka. Ndoana kubwa ilikuwa ikiliwa chambo bila kukamata kitu. Akatafuta ya kiasi, inayotosha kinywa cha changu wa makamo.

Lakini yako mambo ambayo hayaandikiki daftarini, nayo ndiyo yaliyochukua miaka. Kidole cha mvuvi ni sikio lake. Samaki wadogo hudonadona kama kuku aliaye mtama. Anayevuta kwa kudonadona huko huvuta ndoana tupu. Kikande ana kinywa kidogo na meno makali, humega chambo chote na mvuvi asitambue. Changu hugonga mara moja, kisha hunyamaza. Yampasa mvuvi naye anyamaze, ahesabu pumzi mbili, ndipo avute. Chewa ni kinyume chake. Akisha kukamata hurudi pangoni mwake mara moja, na mvuvi akichelewa hata kidogo, mshipi hukatwa na jiwe. Tafi hana haja ya ngisi, kwa maana chakula chake ni mwani na majani ya baharini. Huyo huachiwa wenye malema, na hata akishikwa hushikwa kwa tahadhari, maana miiba yake ina sumu inayomliza mtu mzima. Kadhalika mahali pa kuvulia hapana kibao. Mvuvi hulinganisha alama mbili za nchi kavu, kama vile mvumo mrefu na paa la msikiti, na mbili nyingine za upande wa pili. Zinapokutana zote, hapo hutupa nanga. Akikosea hatua 20 huwa juu ya mchanga mtupu.

Ilipofika mwaka wa nne, Karani alikuwa na ngalawa yake mwenyewe. Watu waliacha kumcheka. Na hapo, kama ilivyo desturi ya wanadamu, akaanza kujiona.

Mwezi wa Aprili mwaka 1990, mpwa wake, mtoto wa dada yake, alikuja kutoka Kinango kutembea wakati wa likizo ya shule. Kijana alikuwa na umri wa miaka 14. Karani alitaka kumwonyesha bahari. Kaskazi ilikuwa imekwisha, na kusi bado haijatulia mahali pake. Ni majira ambayo wavuvi wenye busara hawatoki nje ya mwamba ila kwa sababu kubwa. Mzee alimwona akitayarisha vyombo, akamwambia, "Karani, leo vua ndani." Naye akajibu, "Tutatoka asubuhi na mapema, Mzee, na saa nane tutakuwa tumerudi." Ilikuwa bamvua. Walitoka kwa maji yanayokupwa, nayo hesabu yake ilikuwa njema: maji yangepwa saa tano, yangeanza kujaa, nao wangerudi juu ya maji yanayopanda.

Lakini samaki walianza kula saa saba. Changu walipanda mmoja baada ya mmoja, na kila mmoja alikuwa mkubwa kuliko mwenziwe. Kijana alikuwa akipiga kelele kwa furaha. Saa nane ilipita, saa tisa ikapita. Karani alijiambia, "Mmoja tena." Hata alipoinua macho, saa kumi na moja ilikuwa imekwisha pita, maji yameanza kurudi, na upande wa kusini wingu jeusi lilikuwa limeshuka hata baharini.

Mtu asiyejua bahari anaweza kuuliza, ziko hatari gani? Maji yaliyojaa ndani ya mwamba hutoka yote kwa milango michache. Maji yanayotoka yakikutana na upepo unaoingia, mawimbi husimama kama ukuta. Katika ukuta huo ndimo Karani alimopeleka ngalawa yake wakati wa magharibi. Mrengu mmoja ulikatika, chombo kikapinduka, na samaki wote wakarudi walikotoka. Karani alimshika mpwa wake kwa mkono mmoja na ngalawa kwa mkono wa pili. Maji yaliwachukua nje ya mwamba, na mkondo, ambao majira hayo huelekea kaskazini, ukawapeleka gizani upande wa Chale. Mvua ilinyesha. Kijana alikunywa maji mengi, na kabla ya usiku wa manane alikuwa hajibu tena anapoitwa, ila mkono wake ulikuwa bado na joto. Maji yalipoanza kujaa tena yaliwasukuma polepole kuelekea pwani, na alfajiri waliokotwa na watu waliokuwa wakienda kutazama malema yao.

Mtoto alipona baada ya homa ya siku tatu. Dada yake Karani alikuja kumchukua. Hakumtukana ndugu yake wala hakulia. Alimfunika mtoto kwa kanga, akamshika mkono, akapanda naye basi. Miaka mitatu ikapita bila dada huyo kukanyaga Msambweni. Katika mila za watu hawa mjomba ni mlinzi wa mpwa wake, na Karani alijua vema ni kitu gani alichokuwa karibu kukipoteza kwa ajili ya changu mmoja zaidi.

Mzee alikuja kumwamkua nyumbani. Aliketi kimya kwa muda mrefu, kisha akaomba aonyeshwe lile daftari, ingawa hakujua kusoma. Alilifungua, akapitisha kidole juu ya safu zote sita.

"Hapa umeandika nini?"

"Mahali tulipovua, Mzee."

"Na hapa?"

"Samaki tuliopata."

"Na ukurasa wa kurudi uko wapi?"

Karani hakuwa na jibu. Tangu siku ile aliongeza safu ya saba, akaandika saa ya kurudi. Na saa hiyo aliiandika kabla ya kutoka nyumbani, si baada ya kurudi. Hata samaki wale vipi, saa ikifika huvuta nanga. Wako wavuvi wengi wanaojua kuanza, na ustadi wa kuanza huonekana na kusifiwa. Ustadi wa kuacha hauonekani, lakini mwenye kuukosa haishi kuusimulia.

Miaka ikaenda. Karani alihamishiwa mjini Kwale, juu ya vilima vya Shimba, lakini hakuiacha bahari. Kila Jumamosi alishuka hadi Ukunda na kuendelea Msambweni. Wakati mwingine alivua Diani, ambako mahoteli yalikuwa yamejipanga nyuma ya mchanga mweupe, na wakati mwingine alifika Shimoni. Huko aliwaona wageni wanaokodi mashua za injini kwenda katika mlango wa Pemba kuvua nduwaro na jodari. Jambo moja lilimshangaza. Mgeni alipigana na nduwaro hata jasho likamtoka, akamfikisha ubavuni mwa mashua, akamchoma alama ndogo yenye namba, akamwachilia aende zake. Karani alisimulia habari hiyo Msambweni, nao wakacheka sana, naye akacheka kuliko wote. Alisema kwamba mtu aliyeshiba anaweza kuvua kwa mchezo.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuwa fundi. Hakuhitaji tena kutazama alama za nchi kavu. Aliujua mwamba kama mtu aujuavyo ua wake. Vijana walimfuata kumwuliza mahali pa kutupa nanga. Miongoni mwao alikuwako yule mpwa wake. Maana kijana, alipomaliza shule na kukosa kazi, alirudi Msambweni kwa hiari yake, akasema, "Mjomba, bahari ilinikataa usiku ule, huenda mchana itanikubali." Akawa mvuvi, akaoa, akapata watoto. Karani alimfundisha yote aliyoyajua, na la kwanza lilikuwa ukurasa wa kurudi.

Mwaka 1998 maji ya bahari yalipata joto kuliko kawaida, na katika pwani yote ya Kenya matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa. Karani aliandika daftarini, "Mwamba umekuwa mweupe kama chokaa." Hakuandika zaidi. Mwaka 2001 serikali ilipiga marufuku juya, zile nyavu ndefu zinazokokotwa mpaka mchangani na kuzoa wakubwa na wadogo pamoja. Lakini marufuku ni neno, na mahali pengi juya liliendelea kuvutwa. Samaki wakawa adimu. Vijana walilalamika kwamba wanakaa baharini kutwa na kurudi na kitoweo cha nyumba moja.

Karani alikuwa amestaafu mwaka 2008 na kujenga Msambweni. Kanuni za mwaka 2007 zilikuwa zimewapa wavuvi uwezo wa kuunda kamati za kusimamia bandari zao wenyewe, na mwaka 2010 ulifanyika mkutano chini ya mkungu wa bandari yao kuzungumza juu ya uchache wa samaki. Wengine walitaka sehemu moja ya mwamba itengwe, isivuliwe kabisa. Karani aliombwa kutoa maoni, kwa kuwa alikuwa mtu wa elimu na tena mvuvi hodari. Akasimama akasema, "Samaki wapo. Kilichopungua ni ujuzi. Vijana wa siku hizi hawajui mwezi, hawajui chambo, hawana subira. Mimi bado napata."

Wazee wengine walitikisa vichwa kukubali. Mpwa wake alisimama, akasema kwa adabu, bila kupaza sauti, "Mjomba, wewe unavua kitoweo, na mwisho wa mwezi una pensheni. Mimi navua karo ya watoto. Uliyonifundisha ndiyo nifanyayo. Kama sijui, basi ni wewe usiyenifundisha." Akaondoka. Mkutano ukavunjika bila kuamua neno.

Usiku ule Karani hakulala. Aliwasha taa, akatoa madaftari yake yote sandukuni, kwa nia ya kukusanya hesabu itakayomwonyesha kijana kosa lake. Alianza na mwaka 1987, alipokuwa bado mwanafunzi, mwenye mshipi usiofaa na mkono mzito. Akasoma: changu sita kwa muda wa saa tatu, wawili zaidi ya rula. Akafungua mwaka 2007, siku ile ile ya mwezi, majira yale yale, mahali pale pale, akiwa fundi aliyejua kila jiwe: changu watano kwa saa tatu, mkubwa wao inchi tisa. Akadhani ni siku moja mbaya. Akafungua nyingine, na nyingine. Alitafuta maneno yale aliyoyapenda, "zaidi ya rula." Katika daftari la kwanza yalikuwamo karibu kila ukurasa. Katika la katikati yalikuwa machache. Katika la mwisho aligeuza kurasa zote hata jalada, asiyaone hata mara moja. Wala hakuwa amegundua kwamba ameacha kuyaandika.

Ndipo alipoelewa. Ustadi wake ulikuwa umepanda mwaka hata mwaka, na samaki walikuwa wameshuka mwaka hata mwaka. Vitu hivyo viwili vilikutana katika kapu lake, na kapu halikuonyesha tofauti. Aliyejua kuvua alificha upungufu kwa ujuzi wake. Asiyejua, au yule aliyekuta bahari imekwisha pungua, ndiye aliyeuona wazi. Sifa aliyojipa kwa miaka 20 ilikuwa imemfumba macho.

Wataalamu wa samaki wanayaeleza mambo haya kwa urahisi. Chewa wengi, na changu wengi pia, huanza maisha wakiwa majike, na wakisha kukua hugeuka madume; kwa hiyo wakivuliwa wakubwa wote, uzazi huharibika. Tena jike mkubwa hutaga mayai mengi mno kuliko majike wadogo kadhaa wakijumlishwa. Kikande, yule mwizi wa chambo, hula wale wadudu wa miiba myeusi wanaokwangua mwamba. Akimalizwa yeye, wadudu huzidi na mwamba huliwa. Na mahali palipotengwa, kama Kisite karibu na Shimoni, ambako uvuvi umekatazwa tangu miaka ya 1970, samaki hukua wakazaa, na wengine huvuka mpaka wakavuliwa nje. Huko Kuruwitu, pwani ya Kilifi, wenyeji wenyewe walitenga sehemu ya bahari yao katika miaka ya 2000, wakaona samaki wakirudi. Wala jambo la kutenga si geni kwa watu wa Kwale. Msitu wa Kaya Kinondo umesimama hata leo, kando ya Diani iliyojaa majengo, kwa sababu wazee walisema: hapa hapakatwi.

Mkutano ulipoitwa tena, Karani alikwenda na madaftari yake kikapuni. Mzee wake wa zamani, ambaye sasa macho yalikuwa yamempotea, aliletwa akaketishwa juu ya mkeka. Karani hakungoja kuombwa. Alisimama akasema, "Mkutano uliopita nilisema kwamba vijana hawajui kuvua. Nilisema yasiyo kweli, na mbele yenu nayarudisha." Kisha akasoma. Alisoma mwaka baada ya mwaka, tarehe, mwezi, upepo, mahali, samaki, na rula. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza akasema, "Mimi si mtu wa bahari, mnajua nilikotoka. Lakini kwetu Kinango mfugaji hata akiwa na njaa hachinji ndama wote na mitamba yote, maana mwaka wa pili atafuga kamba tupu. Sisi hapa tumekuwa tukichinja ndama, na mimi nimekuwa nikijisifu kwa wembamba wa kisu changu."

Ilikuwa kimya. Mzee akauliza kutoka mkekani, "Karani, huo ndio ukurasa wa kurudi?"

"Ndio, Mzee. Nimechelewa kuuandika."

"Aliyechelewa si sawa na asiyerudi," mzee akasema.

Si wote waliokubali siku ile. Wenye juya walinung'unika, na wengine waliuliza watoto watakula nini mwamba ukifungwa, swali ambalo si la kupuuzwa. Mazungumzo yaliendelea kwa miezi mingi, kama ilivyo haki ya mambo ya watu wengi. Lakini mpwa wake alikuja nyumbani jioni ile na mtungo wa samaki, akaketi na mjomba wake, wakala pamoja.

Tangu hapo Karani alivua kwa namna nyingine. Alitumia ndoana kubwa kidogo kuliko inavyofaa kwa changu wadogo, ili wasikamatike. Aliyepungua kipimo alichokata kwa msumeno katika rula yake alirudishwa majini akiwa hai. Siku nyingi alirudi na wawili au watatu, nayo saa ya kurudi haikubadilika. Watu waliomwona walidhani kwamba uzee umempunguza, kwa maana kapu lake lilikuwa jepesi kuliko zamani. Yeye mwenyewe alisema kwamba hajapata kuvua vizuri kama wakati huo.

Na mtoto wa mpwa wake alipofika umri wa miaka 10, akataka kujifunza, Karani hakumpa mshipi wala ndoana. Alimtoa nje baada ya sala ya isha, akamwonyesha mwezi, akamwuliza maji yatajaa saa ngapi kesho. Kisha akampa daftari jipya, safu saba zimekwisha pigwa mistari, na ile rula ya mbao. Mtoto aliitazama akauliza kama wako samaki warefu kuliko hiyo.

"Walikuwako," Karani akajibu. "Wewe uandike siku watakayorudi."